Landrova Inavuta Hewa

Ijumaa, 3 Juni 1983

Kliniki ya watoto, njia ya Endulen. Nimetoka Karatu saa kumi na mbili na nusu. Chanjo kwenye sanduku la baridi, mizani, maziwa ya unga magunia mawili. Langoni mwa Hifadhi, mlima unapoanzia, nikafungua boneti, nikachomoa bisibisi soksini, nikakaza skrubu ya kabureta nusu duru. Mwaka wa nane huu nafanya hivyo. Juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo petroli lazima ipungue, la sivyo gari linatoa moshi mweusi na kupanda kwa kulalamika. Nikirudi, nusu duru kulegeza. Madereva wote wa huku tunafanya, kila mtu na bisibisi yake, na askari wa lango wameshachoka kutuuliza.

Gari bado linaumwa. Leo limezimika mara tatu kabla hatujaiacha Karatu. Nikiachia mguu tu, linatetemeka, linakufa. Nimevuta choki nusu, ile ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi, ndipo likakubali. Mlimani lilipata nafuu kidogo, kurudi chini mambo yale yale. Choki asubuhi mpaka jioni. Breki nazo ngumu siku hizi, nakanyaga kwa mguu mzima. Baridi labda. Au uzee, wake au wangu.

Akina mama wengi, vilio vingi. Nimerudi salama.

Jumatatu, 6 Juni

Sista Adelina amepima tanki kwa kijiti. Mwenyewe, kwa mkono wake. Huyu si mtawa. Ni nesi mkuu wa zahanati yetu ya misheni, mtu wa Rombo, ila kila mtu anamwita Sista, hata mimi niliyemzidi umri. Petroli tunaipata kwa kibali na kibali hakitoki kila tukitaka. Pipa lililokuwa linatufikisha mwisho wa mwezi sasa halifiki hata wiki tatu. Akaniuliza mbona. Nikasema gari linakula. Akasema gari ni lile lile la mwaka jana. Kisha akaandika kitu kwenye daftari na kulifunga. Sikupenda alivyolifunga.

Jumatano, 8 Juni

Nimefungua plagi zote nne. Nyeusi tii, masizi matupu. Petroli imezidi, fundi yeyote atakwambia hivyo. Basi nikakaza skrubu ipungue. Gari likawa baya zaidi. Nikalegeza. Likarudi kwenye ubaya wake wa kawaida.

Nikasugua pointi za cheche. Nikafungua kabureta, nikaipuliza kwa mdomo, tundu moja baada ya jingine. Siku nzima chai ilikuwa na ladha ya petroli. Hakuna kilichobadilika. Nimelitukana gari kwa Kiiraqw na kwa Kiswahili. Halikujali lugha yoyote.

Alhamisi, 9 Juni

Nimeitwa ofisini. Sista hakuniambia nikae.

Alisema hivi, nakumbuka kila neno: “Bwana Paskali, wauguzi wanasema ukiwa mlimani gari linatembea. Ukirudi hapa ni bovu, na tanki ni tupu. Sasa mimi nifikirie nini?”

Nikamwambia afikirie injini. Akasema huko juu kuna magari ya watalii yanayokwama kwa kukosa mafuta, na dereva mwenye mpira wa kunyonyea na galoni hakosi marafiki. Hakusema mwizi. Alilizungukia hilo neno pande zote, mimi nikiwa nimesimama katikati.

Kamati ya zahanati inakaa Jumamosi tarehe 25. Itaamua kama nabaki au naondoka. Mzee Amsi, mwenyekiti, ana mpwa wake aliyepata leseni juzi. Na redioni habari ni za wahujumu uchumi tu, asubuhi wahujumu, jioni wahujumu. Watu wanakamatwa kwa sabuni na sukari. Sijui wa petroli watamfanya nini.

Mimi sijaiba. Hata kibiriti cha zahanati sijawahi kuwashia sigara yangu. Nimeandika hapa kwa sababu ofisini sikuweza kusema. Nikasema “sawa Sista” kama mwizi hasa.

Ijumaa, 10 Juni

Kufuli kwenye kifuniko cha tanki. Ufunguo anao yeye. Nilifurahi, kusema kweli. Nikajisemea, sasa ataona mwenyewe.

Nikaenda Endulen na kurudi. Akafungua, akachovya kijiti. Petroli imekwisha vile vile. Nikamtazama usoni nikitegemea aseme pole. Badala yake akainama, akachungulia chini ya gari, akaligusa bomba la petroli kwa ncha ya kidole.

Anadhani nafungulia chini. Mtu akishakushuku, hata ukipiga chafya anasikia harufu ya petroli. Sikula chakula cha jioni.

Jumapili, 12 Juni

Misa. Benchi letu lilikuwa na nafasi zaidi ya kawaida. Labda naona vibaya.

Baada ya misa Mzee Amsi alinisalimia vizuri mno. Mpwa wake alikuwa nyuma yake, akaniuliza kama kweli gari lina tabia ya kuzimika likiwa linateremka. Anauliza tabia za gari langu. Nikamjibu kwamba linamzimikia anayeuliza sana. Jibu la kijinga. Martina amenigombeza njia nzima. Anasema ninavyojibu watu vibaya ndivyo ninavyowasadikisha. Halafu akaniuliza, polepole, kwa Kiiraqw, kama kuna chochote ambacho yeye angepaswa kujua.

Mke wangu. Miaka kumi na tisa. Nikamwambia hakuna. Akasema basi, akaenda kupepeta maharage. Namwamini kwamba ameniamini. Ila ameuliza.

Jumanne, 14 Juni

Lazima niandike hili kabla halijaniponyoka. Naandika ndani ya gari, nje ya kliniki, akina mama bado wako kwenye mstari.

Asubuhi ukungu mzito. Nimefika langoni na hasira zangu. Askari mmoja, kwa utani, akaniuliza, “Mzee, leo umetubakishia lita ngapi?” Maana yake habari imefika hata hapo. Sikucheka. Nikaingia garini, nikabamiza mlango, nikapanda. Nimefika ukingoni, bonde lote jeupe, ndipo nikakumbuka skrubu. Sikuikaza. Mara ya kwanza katika miaka minane nimepita lango bila kufungua boneti.

Nikangoja moshi mweusi. Haukuja. Gari lilitulia. Nikasogeza choki ndani kidogo, likatulia. Nikaisukuma choki yote. Likatulia. Nikasimama kando ya barabara, nikaachia mguu. Linanguruma vizuri, halitetemeki, kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Nimekaa pale kama dakika kumi nikilisikiliza. Lori likapita, dereva akaniuliza kama nimekwama. Nikamwambia hapana.

Jumatano, 15 Juni

Nimefikiri mpaka kichwa kimeuma. Naandika polepole ili nijielewe.

Mlimani hewa ni pungufu, kwa hiyo petroli inakuwa nyingi kupita hewa. Ndiyo maana tunapunguza. Jana sikupunguza, na gari likapenda. Maana yake gari lilikuwa linaitaka ile petroli ya ziada. Maana yake hapa chini lina njaa ya petroli, halijashiba hata kidogo. Lakini plagi nyeusi? Plagi ni choki hiyo. Nimeendesha na choki miezi mitatu, kila lita moja nikiichoma kama mbili. Hapo ndipo petroli ilipokwenda. Imepita kwenye bomba la moshi.

Na njaa inatoka wapi? Kabureta ni safi. Skrubu iko pale pale. Basi si petroli iliyopungua. Ni hewa iliyozidi. Kuna mahali gari linavuta hewa, mahali pasipostahili, baada ya kabureta. Mlimani ufa ule ule unavuta hewa nyepesi, kwa hiyo haudhuru sana.

Mjinga mimi. Ile nusu duru ya langoni ndiyo iliyonifichia ukweli. Nilikuwa nauficha kwa mkono wangu kila Jumanne na Ijumaa.

Zimebaki siku kumi kamati ikae.

Alhamisi, 16 Juni

Nimewasha injini uwanjani, nikachukua kijiko na kikombe cha maji. Dawa ya wazee: unadondoshea maji kwenye kila kiungo. Penye ufa, maji yanaziba kwa nukta moja na mngurumo unabadilika. Gasketi ya kabureta, hakuna. Gasketi ya manifodi, penye mabomba ya kuingizia hewa, upande wa mbele, hakuna. Nyuma kijiko hakifiki. Nimejiunguza kiwiko.

Nikaenda kumwomba Sista ile sindano kubwa ya kioo, ya zamani. Akaniuliza ya nini. Nikasema nataka kuichoma injini maji. Nikaanza kumweleza habari za lango na skrubu na hewa nyepesi, nikajisikia mwenyewe ninavyosikika, mtu aliyebanwa anayetunga hadithi. Akasema atafikiria.

Nimechoka kueleza.

Ijumaa, 17 Juni

Endulen na kurudi. Langoni sikukaza. Juu zuri, chini baya, kama nilivyosema. Nimeandika tu, hakuna wa kumwonyesha.

Jumamosi, 18 Juni

Sista amekuja uwanjani mwenyewe saa nne, sindano mkononi, kipimo cha kusikilizia vifua shingoni. Akasema, “Nionyeshe hiyo hewa yako.”

Nikawasha. Akachoma maji mahali nilipomwonyesha, nyuma ya manifodi, kwa mkono mwepesi, hakumwaga hata tone. Hakuna. Akavua kile kisahani cha mbele cha kipimo, akabaki na mpira mtupu, akauingiza ndani ya injini kama anavyotafuta mapigo kwenye tumbo la mama mjamzito. Nikamwambia achunge feni na kitambaa chake cha kichwa. Akanifanyia ishara ninyamaze.

Mimi nilikuwa kwenye usukani, mguu kwenye breki kwa sababu uwanja una mteremko. Nikichoka naachia, halafu nakanyaga tena. Yeye ndiye aliyegundua.

“Unakanyaga nini huko? Kila ukikanyaga, huyu anakohoa.”

“Breki, Sista.”

“Rudia.”

Nikarudia. Akahamisha mpira, chini, upande wa ndani. “Hapa,” akasema. “Panapumua hapa. Anapumua kama mtoto mwenye nimonia.”

Nikashuka mbio. Kuna hosi nene inayotoka kwenye injini kwenda kwenye kikopo kikubwa cheusi kinachosaidia breki. Kikopo hicho kinafanya kazi kwa mvuto wa injini. Hosi imepita pabaya, imefunikwa matope. Nikayafuta kwa kidole.

Chini ya matope kulikuwa na ukanda wa tyubu nyekundu. Umefungwa kwa fundo la kufungia ndama, fundo la kwetu Kansay, ambalo hapa Karatu nalifunga mimi peke yangu. Pembezoni unga mweupe mkavu. Sabuni.

Mkono wangu ulibaki pale pale. Nilikumbuka yote kwa mara moja. Februari, juu ukingoni, mvua, akina mama na watoto nyuma, hosi imesuguliwa na usukani mpaka ikapasuka. Nikakanda sabuni ya kipande, nikaipaka, nikazungusha tyubu. Ndivyo tunavyoziba tanki, na tanki hilo nimeliziba mara tatu, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni. Ila hosi hii haipitishi petroli. Inavuta tu. Sabuni ilikauka kwa joto, ikawa unga, injini ikaumeza unga, ufa ukabaki. Siku ile nilijiambia kesho nitatafuta hosi nyingine. Kesho yake kaka yangu akafariki huko Kansay. Halafu matanga, halafu Pasaka. Sikukumbuka tena mpaka leo.

Nikachomoa hosi, nikaziba tundu la injini kwa kizibo cha chupa. Gari likatulia hapo hapo. Bila choki, bila mguu. Sista akacheka. Sijawahi kumwona akicheka na gari.

Halafu akaushika ule ukanda. “Nani alifunga hivi?”

Nikasema, “Sijui, Sista. Labda Elisante, alipofanya sevisi.”

Elisante ni fundi wa pale njia panda. Alilifanyia sevisi mwezi wa tatu. Mtu mwema. Sista akasema gari la zahanati halitaenda kwake tena.

Jumapili, 19 Juni

Nimekwenda misa. Sikupokea komunyo.

Wiki mbili nimedhaniwa mwizi, nami si mwizi. Jana nimesema uongo na hakuna aliyenidhania chochote. Leo watu wananisalimia. Mzee Amsi amesikia ufa umeonekana, amenipa mkono. Nilitaka kuurudisha.

Kikulacho ki nguoni mwako. Hii imo ndani ya soksi kabisa.

Martina alifurahi, akachinja jogoo. Nimekula mapaja yote mawili na sikuyasikia ladha. Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akakusanya mifupa, akasema, “Elisante ana watoto sita.”

Jumatatu, 20 Juni

Nimemngoja Sista mlangoni pa ofisi kabla hajafika. Niliyatayarisha maneno, yakatoroka yote. Nikasema tu: fundo ni langu, sabuni ni yangu, Elisante hakuligusa, nilisema uongo kwa sababu niliogopa kwamba nimetoka kwenye moja naingia kwenye jingine. Na breki za watu nimeziacha hivyo miezi minne.

Alifungua mlango, akaingia, akaweka mkoba, akavaa koti lake jeupe, akafunga vifungo vyote. Mimi nimesimama.

“Akina mama uliokuwa unawashusha mlimani,” alisema, “walijua?”

“Hapana, Sista.”

“Mimi nilipanda gari hilo mara mbili mwezi wa tano.”

“Ndiyo, Sista.”

Akafungua daftari, akaandika kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, bila kuinua macho: “Wizi nafuta. Uzembe naandika. Na uongo utakwenda kuufuta mwenyewe, pale njia panda, leo.”

Nikaenda. Elisante alikuwa chini ya lori, nikaieleza miguu yake. Nilipomaliza akatoka, amejaa grisi, akaniuliza ni sabuni ya aina gani. Nikamwambia ya kufulia, ya kipande. Akacheka mpaka akakaa chini. Anasema yeye aliwahi kuziba hosi hiyo hiyo, kwenye gari la mzungu mmoja, kwa ugali.

Ana Landrova mfu nyuma ya banda, kuku wanataga ndani yake. Akaichomoa hosi yake, nzima, nene, ngumu, akanipa. Nikamuuliza nimpe nini. Akasema nimpe heshima yake. Nimeona aibu kuliko kama angenitukana. Pia nimejisikia mwepesi, mwepesi sana, njiani nilikuwa karibu niimbe.

Jumanne, 21 Juni

Hosi imefungwa jana jioni, klipu pande zote mbili. Nimejaribu breki kwenye mteremko wa kwenda mtoni, mara tano, nikiwa peke yangu. Laini. Unagusa, linasimama. Nilikuwa nimesahau breki zilivyo.

Nimerudisha skrubu palepale pa zamani. Choki ndani. Gari limekaa likinguruma nje ya zahanati, mimi nimesimama kando na mikono mfukoni, mgonjwa mmoja mzee akaniuliza nangoja nini. Sikuwa nangoja kitu. Nilikuwa nastarehe.

Langoni nikakaza nusu duru. Sasa ilistahili. Nikapanda vizuri, nikarudi vizuri. Sista akafungua kufuli, akachovya kijiti. Akachovya tena. Akakifuta kwa kitambaa, akachovya mara ya tatu. Alama ya mafuta ilikuwa juu kuliko nilivyothubutu kutegemea. Safari nzima imekula nusu ya ilivyokuwa inakula.

Alinipa kijiti nikione mwenyewe. Kisha akasema nikapate chai kabla haijapoa.

Ijumaa, 24 Juni

Endulen. Hakuna la kuandika kuhusu gari. Raha iliyoje.

Kesho kamati. Sista hajaniambia atasema nini, nami sijauliza. Ameandika uzembe. Uzembe wa breki peke yake unatosha kumfukuza mtu, na mpwa bado ana leseni yake mfukoni.

Jumamosi, 25 Juni

Walinikalisha nje kwanza. Dirisha la ofisi halifungi vizuri, nikasikia.

Sista aliwaeleza habari ya petroli. Aliieleza vizuri kuliko mimi: hewa, mlima, choki, masizi. Akasema alimshuku mtu kwa kosa ambalo halikuwa lake, na kwamba hilo ni kosa lake yeye, waliandike. Halafu akawaeleza habari ya sabuni. Yote. Hakunificha hata kidogo, na fundo la ndama akalitaja. Mzee Amsi akauliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama si afadhali basi kupata kijana.

Sista akasema: “Huyo kijana atakayeziba hosi kwa sabuni, je, atakuja kuniambia?”

Nilisikia viti vikisogezwa.

Wakaniita. Onyo la maandishi, na kila Jumamosi gari lote likaguliwe, Sista akiwepo. Nabaki. Mzee Amsi ndiye aliyenisomea. Aliisoma taratibu, akapiga saini, akanikabidhi kalamu yake mwenyewe nitie yangu. Herufi zikaenda upande.

Nilikwenda nyuma ya jengo la zahanati, penye majivu, nikalia kidogo. Mwanamume mzima. Nilipotoka kufuli lilikuwa limeshaondolewa kwenye tanki, nikamkuta Martina langoni, ameshika mwamvuli na hakuna mvua. Alisema alikuwa anapita tu. Kwetu ni mwendo wa saa nzima.

Alhamisi, 30 Juni

Arusha, kuchukua chanjo. Sista alikuja nami, ana kikao cha wauguzi huko. Tulitoka mapema, ukungu ukabaki Karatu, mbele kweupe. Hatukuzungumza sana. Aliniuliza habari za watoto, nami nikamuuliza za Rombo. Anasema migomba yao mwaka huu imependeza.

Kuushuka ule mlima wa Mto wa Mbu niliingiza gia ya pili. Ziwa lote linaonekana chini, barabara ina mawe na kona zake zile. Nikageuka nimwambie ajishike. Alikuwa amelala. Kichwa kwenye kioo, mdomo wazi kidogo, mkoba umelegea mapajani.

Nilishuka taratibu, kona kwa kona, nagusa breki kidogo kidogo asije akaamka. Chini, wauza ndizi walikimbilia dirishani na mikungu yao, kama kawaida. Nikaweka kidole mdomoni. Wakanyamaza, wakanipisha, nikapita.